Kabla ya Kumsifu Mpigaji, Uliza Upepo

Ndugu msomaji, leo naomba tuwaweke kando Simba na Yanga. Najua ombi lenyewe ni zito, hasa kwa wale ambao mkifungua ukurasa wa michezo macho yenu yanatafuta majina hayo mawili tu. Nivumilieni. Nataka tuzungumze besiboli. Ndiyo, besiboli, ule mchezo wa Wamarekani na Wajapani, wa gongo na glavu. Na nikisema gongo namaanisha la kupigia mpira, siyo lile linalowakimbiza watu na mgambo huko vijijini kwetu.

Sababu ya kuja na habari hii ni ubishi. Chumba chetu cha habari, kama vyumba vingi vyenye vijana, kimeingiwa na ugonjwa wa takwimu. Kila mchezaji siku hizi ana namba zake, na ukitaka kumaliza ubishi unataja namba. Mwenzako akikosa namba ya kujibu, ameshindwa, aagize chai. Mimi mwenyewe napenda namba, sijatengwa na ugonjwa huo. Ila mimi ni mtoto wa Mlali, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Kule kwetu huwezi kukua bila kujua kwamba upepo una kura yake katika kila jambo. Kwa hiyo mtu akiniambia "namba hazidanganyi", swali langu huwa moja: zimepatikana uwanja gani, na siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje?

Sijaona mchezo unaolijibu swali hilo vizuri kama besiboli.

Kwa wasioujua, mchezo uko hivi. Mrushaji anasimama mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, anarusha mpira mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akiupiga ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja ukiwa bado hewani, hiyo wanaiita homrani. Hapo anazunguka vituo vyote kwa madaha, hakuna wa kumgusa. Homrani ndiyo inayopandisha watu vitini, ndiyo inayoingia kwenye vichwa vya habari, na ndiyo inayomwongezea mchezaji mshahara.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Ndani ya uwanja sheria zimepima kila kitu. Kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.4, uwe Tokyo, Havana au Kampala. Lakini ule ukuta wa mwisho, ule ambao ukivukwa mtu anakuwa shujaa, hauko sawa. Kila uwanja una wake. Kwingine uko mbali, kwingine karibu, kwingine mrefu kama ghorofa, kwingine mtu wa kimo cha kawaida anaweza kuuegemea kwa kiwiko.

Linganisha na soka. Viwanja vya soka navyo vinatofautiana urefu na upana kidogo, lakini goli ni lilelile: mita 7.32 kwa mita 2.44, ukiacha yale ya kwetu ya miti iliyokatwa porini. Hebu fikiria goli la uwanja wa Mbeya liwe pana kuliko la Tanga, halafu mwisho wa msimu tuwapange wafungaji kwa idadi ya mabao na kumpa mmoja kiatu cha dhahabu bila kuuliza alikuwa anachezea wapi. Tungepigana. Wenzetu wa besiboli wanaishi na hali hiyo kila siku.

Chukua Fenway Park ya Boston, uwanja uliofunguliwa 1912. Upande wa kushoto ukuta uko karibu, mita 94.5 tu kutoka kwa mpigaji. Kufidia ukaribu huo ukuta wenyewe umepandishwa hadi mita 11.3, nao umepakwa rangi ya kijani, na watu wanauita dubwana. Matokeo yake ni vituko. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukaenda chinichini, ambao mahali pengine ungekuwa homrani, pale unagonga ukuta na kurudi. Na mpira dhaifu uliopaa juu kama tiara, ambao mahali pengine ungedakwa kirahisi, pale unadondokea ng'ambo ya ukuta na mpigaji anashangiliwa. Nguvu ilikuwa ya yule wa kwanza, sifa kaichukua wa pili. Aliyegawa sifa ni fundi ujenzi aliyefariki zamani.

Mfano mwingine ni Koshien, uwanja wa Japani ulioko Nishinomiya, jirani na Osaka, uliofunguliwa 1924. Jina hili halipaswi kuwa geni sana kwetu. Wajapani walipotusaidia kuanzisha besiboli nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashindano ya taifa yalipewa jina la Koshien, na mwaka 2018 ukazinduliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliobeba jina hilohilo. Koshien ya Japani iko karibu na bahari, na bahari hiyo ina upepo wake. Upepo huo huvuma kutoka upande wa kulia wa uwanja kwenda kushoto. Mpigaji wa mkono wa kushoto, kwa maumbile ya pigo lake, mipira yake mikali huelekea kulia. Maana yake anapiga dhidi ya upepo. Mpira unapaa vizuri, watu wanasimama, halafu unasitasita hewani na kuanguka mikononi mwa mdakaji. Wenye uwanja waliwaonea huruma wapigaji, wakaweka uzio wa ndani mwaka 1947 ili kufupisha umbali. Uzio huo ukaja kuondolewa 1991.

Akaja Mmarekani mmoja, Randy Bass, anayepiga kwa mkono wa kushoto. Kwa hesabu za kawaida, Koshien palikuwa mahali pabaya kwake kuliko pote. Bwana huyu hakubishana na upepo. Alijifunza kuusindikiza mpira upande wa kushoto, upepo ukawa unamalizia kazi. Mwaka 1985 alipiga homrani 54 na timu yake, Hanshin Tigers, ikawa bingwa wa Japani. Uzio wa ndani ulimsaidia? Ndiyo, ulikuwepo. Upepo ulimsaidia? Ndiyo, baada ya yeye kuuelewa. Lakini wapigaji wengine nao walikuwa na uzio huo na upepo huo. Shikilieni jambo hilo, nitalirudia.

Tuzungumze upepo sasa, maana hapa mtoto wa Mlali anaweza kuongea bila kuazima maarifa ya mtu.

Nyanda za kati zina mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Zikishakatika, ardhi inakauka, nyasi zinageuka rangi ya simba, na upepo wa mashariki unachukua mamlaka. Miezi ya Julai hadi Oktoba vumbi linaingia mpaka kwenye chungu chenye mfuniko. Tulipokuwa tunacheza chandimu, nahodha aliyeshinda kura hakuchagua mpira, alichagua upepo. Kipindi cha kwanza mnacheza nao, mnatafuta mabao ya haraka. Kipindi cha pili mnajaza watu nyuma na kuomba jioni ifike, maana kwetu upepo huwa unapoa jua likielekea kuzama. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani.

Bibi yangu alikuwa mtaalamu zaidi. Siku ya kupepeta mtama au uwele haanzi kwa kushika ungo. Anasimama kwanza, anaokota vumbi kidogo, analiachia, anaangalia linaelekea wapi. Upepo ukiwa mdogo makapi hayaondoki. Ukiwa mkubwa unaondoka na makapi na nafaka pia. Anasubiri ule wa kati. Nikimuuliza, "Bibi, mbona huanzi?", ananijibu, "Subiri mjukuu wangu, mwenye kazi hajafika." Mwenye kazi ni upepo. Nilipokuja kusoma jinsi wanafizikia wanavyoeleza safari ya mpira wa besiboli, nilikuta ni mafundisho ya bibi yaliyoongezewa tarakimu.

Tarakimu zenyewe zinatisha. Mpira wa homrani unakaa hewani sekunde tano hivi. Wataalamu waliopima wanasema upepo wa kilomita 8 tu kwa saa, ule ambao kwetu Mlali hata shuka kwenye kamba haulitikisi sawasawa, ukivuma kutoka mgongoni mwa mpigaji unaweza kuuongezea mpira wa namna hiyo zaidi ya mita tano. Ukivuma kutoka mbele unaupunguzia kiasi kama hicho. Joto nalo lina lake: hewa ikipata moto inatanuka na kuwa nyepesi, na kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinapoongezeka mpira unakwenda mbele kama mita mbili. Ndiyo maana mwaka 2023 watafiti wa Chuo cha Dartmouth walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba zaidi ya homrani 500 za ligi kuu ya Marekani tangu 2010 zilitokana na kuongezeka kwa joto duniani. Mabadiliko ya tabianchi, ambayo huku kwetu tunayajua kwa mtama ulionyauka, kule yanawapa watu mashangilio.

Mji wa Chicago una uwanja unaoitwa Wrigley Field, uliofunguliwa 1914, jirani na Ziwa Michigan. Siku upepo unapotoka ziwani kuingia uwanjani, wapigaji wanahangaika. Siku unapogeuka na kuvuma kutoka nyuma ya mpigaji kuelekea ziwani, warushaji wanatamani kuugua. Tarehe 17 Mei 1979 uligeuka. Philadelphia Phillies waliwafunga wenyeji wao Chicago Cubs 23 kwa 22, na homrani 11 zikapigwa katika mchezo mmoja. Mwandishi aliyekwenda pale siku hiyo bila kuangalia bendera zinapepea upande gani, bila shaka aliandika kwamba warushaji wote wamesahau kazi.

Kuna jambo la tatu baada ya ukuta na upepo, nalo linatuhusu sana sisi wa bara: mwinuko. Ukipanda juu kutoka usawa wa bahari, hewa inapungua. Hewa ikipungua, mpira unakuwa na kitu kidogo cha kuuzuia. Mji wa Denver uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Uwanja wake, Coors Field, ulipofunguliwa 1995 wajenzi walijua hilo, wakausogeza ukuta mbali kuliko kawaida ili kuwapa warushaji nafuu. Haikusaidia sana. Makadirio ya wataalamu yanatofautiana, lakini pigo moja linaaminika kwenda mbali zaidi pale kwa asilimia kati ya 5 na 10. Tena mrushaji anateswa mara mbili, kwa sababu ile mipira yake ya kupinda hutegemea msuguano wa hewa ili ipinde, na hewa yenyewe haipo ya kutosha. Mwaka 1999 zilipigwa homrani 303 kwenye uwanja huo mmoja. Jukwaani wamepaka rangi ya zambarau safu moja ya viti kuonyesha ulipo usawa wa maili moja kutoka baharini, utadhani wanajisifia.

Na kuna unyevu. Hapa wengi wetu tungejibu vibaya mtihani. Tunaamini hewa yenye unyevu, ile ya Dar inayokushika mwilini kama fulana mbichi, ni nzito. Siyo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo. Ila unyevu unauingia mpira wenyewe, unaufanya uwe mzito kiasi na usiruke vizuri ukigongwa. Mpira uliokauka unaruka kama kokwa. Denver ni kukavu, na mipira yao ilikuwa inakauka. Mwaka 2002 wakaanza kuitunza kwenye chumba maalumu chenye unyevu uliopimwa, na homrani zikapungua. Ilipofika 2022 viwanja vyote 30 vya ligi kuu vilikuwa na vyumba kama hivyo.

Sasa leta hesabu hizo nyumbani. Dodoma mjini tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Azania anayepiga mpira ukaenda mita 110 pale Dar, ukimleta huku na pigo lilelile, mwinuko peke yake unaweza kumwongezea mita tatu au nne. Mpe na upepo wa Agosti mgongoni, basi tutatafuta mpira kwenye mashamba ya alizeti. Je, atakuwa mpigaji bora kuliko alivyokuwa wiki iliyopita? Hapana. Lakini gazeti litaandika hivyo, na huenda nitakuwa mimi niliyetumwa.

Wanaodhani haya ni mambo ya Marekani tu, waende Nairobi, mji ulioko karibu mita 1,700. Mchezo wa kule wa gongo ni kriketi, binamu wa besiboli, na kriketi nayo huruhusu mpaka wa uwanja kutofautiana. Tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan ambaye hakuna aliyekuwa anamjua, Shahid Afridi, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 tu dhidi ya Sri Lanka. Ilikuwa rekodi ya dunia ya mechi za siku moja za kimataifa, na haikuvunjwa hadi tarehe 1 Januari 2014. Alipiga sita mara 11, yaani mipira 11 iliyovuka mpaka bila kugusa chini. Wapo wanaosema hadi leo: aa, hewa ya Nairobi hiyo.

Ni kweli, hewa ya Nairobi. Lakini siku ileile, Saeed Anwar wa timu yake alifikisha 115, na Aravinda de Silva wa Sri Lanka akapata 122. Wote walikuwa kwenye hewa ileile na uwanja uleule. Mbona hakuna mwingine aliyefikisha mia kwa mipira 37? Twende mbele: tarehe 23 Oktoba 2024, uwanja wa Ruaraka hukohuko Nairobi, Zimbabwe waliweka rekodi ya dunia ya mechi za kimataifa za ova 20 kwa kupata mikimbio 344 dhidi ya Gambia. Zamu ya Gambia ilipofika, wakatolewa wote kwa mikimbio 54. Hewa haikuwabagua. Iliwakopesha wote kiasi kilekile, wao wakashindwa kuitumia.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, ndugu msomaji. Kuna dhambi mbili katika habari hii, na watu wengi wakikimbia ya kwanza wanaangukia kwenye ya pili. Dhambi ya kwanza ni kutazama namba bila kuuliza uwanja. Ya pili ni kuuliza uwanja halafu kuufanya jibu la kila kitu, ukamnyang'anya mtu jasho lake.

Aliyeonja hiyo ya pili ni Larry Walker, Mkanada aliyechezea Colorado Rockies ya Denver kuanzia 1995 hadi 2004. Mwaka 1997 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake baada ya kupiga homrani 49. Alipostaafu na muda wa kupigiwa kura ya kuingia kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown ulipofika, watu wakasema: ni Denver hiyo, hata mimi ningepiga. Ili uingie unahitaji asilimia 75 ya kura. Mara yake ya kwanza, 2011, alipata 20.3. Mwaka 2014 akashuka hadi 10.2. Sheria inampa mtu miaka kumi kwenye orodha, basi.

Lakini rudi kwenye zile homrani 49 za 1997. Alizopiga Denver, nyumbani kwenye hewa nyepesi, zilikuwa 20. Alizopiga ugenini, kwenye viwanja vya watu wengine na hewa nzito ya watu wengine, zilikuwa 29. Namba hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Haikuhitaji mpelelezi. Ilihitaji mtu wa kufungua daftari. Walker aliingia Januari 2020, mwaka wa kumi na wa mwisho, kwa asilimia 76.6. Nusura.

Na wapiga kura wa jumba lile ni nani? Siyo makocha wala wachezaji. Ni waandishi wa habari za besiboli, wale waliokuwa kwenye chama chao kwa miaka kumi au zaidi. Watu wa kazi yangu. Niliposoma hilo nilikaa kimya kwa muda. Kalamu ileile inayoweza kumpandisha mtu kwa upepo ambao si wake, inaweza kumfukia mtu kwa mwinuko ambao hakuuchagua.

Dawa ipo na ni rahisi, wenzetu wanaitumia miaka mingi. Unachukua mikimbio yote iliyopatikana katika mechi za nyumbani za timu fulani, ya wenyeji na ya wageni kwa pamoja. Unailinganisha na ile iliyopatikana timu hiyohiyo inapocheza ugenini. Tuseme nyumbani wastani ni mikimbio 12 kwa mechi, ugenini ni 10. Wachezaji ni walewale, kwa hiyo ile ziada ya asilimia 20 ni ya uwanja. Unampunguzia mpigaji kiasi hicho kwa mechi za nyumbani, na unampa pole mrushaji kwa kiasi hicho. Ukishatoa deni la uwanja, kinachobaki ni cha mtu mwenyewe. Huo ndio ungo wa bibi: siyo kutupa kila kitu kwa sababu kina makapi, wala kupika kila kitu kwa sababu kuna nafaka ndani.

Mniruhusu kutoka nje ya uwanja kwa dakika moja. Kwa miaka mingi tulizoea Baraza la Mitihani kututajia shule kumi bora na watahiniwa bora. Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalipotangazwa, orodha hiyo haikutolewa. Wapo walionuna, wapo walioshangilia. Mimi nilimfikiria mwanafunzi wa shule ya kata ya kwetu, anayesoma kwa tochi ya simu, akapata daraja la pili, na mwingine wa shule ya ada ya mamilioni, maabara imejaa, naye akapata daraja la pili. Karatasi zao zinafanana. Je, wamepiga mpira kwenye upepo mmoja? Lakini tahadhari ileile ya Walker ihusike pia: yule wa shule ya gharama asiambiwe kwamba hakufanya kitu. Wapo waliokaa naye dawati moja wakapata sifuri.

Kuficha orodha, kwa maoni yangu, ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kupima uwanja.

Turudi kwetu waandishi. Besiboli ya Tanzania bado changa. Uganda wametutangulia: timu yao ya watoto ilicheza mashindano ya dunia ya Little League kule Marekani mwaka 2012, na mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wao wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Maana yake wasaka vipaji wanaweza kufika Afrika Mashariki. Siku watakapofika kwetu watauliza kumbukumbu, na kumbukumbu tutakuwa tumeziandika sisi. Tukiandika tu "fulani kapiga homrani tatu", tumemsaidia nini? Alipiga saa tatu asubuhi hewa imetulia, au saa tisa alasiri upepo wa bahari umeshapanda? Ukuta ulikuwa mita ngapi? Ulikuwepo ukuta kweli, au kamba na vigingi?

Mimi nimeanza. Kila mchezo ninaotumwa, hata wa soka, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya majina ya wachezaji naandika mambo manne: saa, joto, upepo unatoka wapi, na uwanja ukoje. Inachukua dakika mbili. Mara nyingi mhariri anaikata hiyo sentensi kwa sababu nafasi haitoshi, na simlaumu, tangazo lina haki yake. Lakini daftari langu linabaki nayo. Siku kijana mmoja wa Kongwa au wa Temeke atakapoambiwa "wewe ulibebwa na upepo", au "wewe huna nguvu", nataka awepo mtu wa kufungua ukurasa na kusema: hebu tuangalie.

Sasa nawageukia ninyi wadau. Ninyi mliocheza UMISSETA, mliotupa mkuki, mliokimbia riadha kwenye vumbi la Singida au jua la Lindi: ni namba gani yako ambayo mpaka leo unaona haikukutendea haki, na uwanja wake ulikuwaje? Leteni. Msisahau kutaja upepo.